Land Rover Kuukuu Yataka Miguu Kabla ya Rangi

Imezuka desturi, wala si mbaya, ya kuzitafuta Land Rover za zamani zilizo wazi juu, zile za turubai, na kuzifufua. Kijana akiipata moja huanza kwa rangi. Kisha hushona turubai jipya, viti huvalishwa ngozi, na jina huandikwa mbele kwa herufi za kung'aa. Miguu ya gari, yaani springi, shokamzoba, ekseli na breki, huachwa mpaka pesa zimekwisha. Tumeona yafaa kuizungumza habari hii leo, na tumechagua kuizungumzia kutoka Lodwar na Kakuma, huko Turkana, kwa sababu huko gari la namna hii halikuwa pambo hata siku moja.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Fundi wa jahazi hapaki mafuta ya sifa kwenye ubavu wa chombo kabla hajaugonga mkuku na mataruma akasikia yanasema nini. Land Rover ya turubai imejengwa kwa hesabu iyo hiyo. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, na chuma kikawekwa chini kwenye fremu. Gari lenye paa la bati hupata nguvu kidogo kutokana na lile paa. Hili lililo wazi, ambalo hata kioo chake cha mbele hulazwa juu ya boneti, halina pa kuegemea ila fremu yake. Tena bodi ile haipati kutu kama chuma, na hapo ndipo macho hudanganyika, kwani waweza kuona mabavu safi kabisa na huku chini, hasa kwetu kwenye hewa ya chumvi, fremu imekuwa kama biskuti.

Turkana hewa ni kavu, na kutu si adui mkubwa. Adui wa huko ni njia. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumweka mbali Mzee Jomo Kenyatta, ilimtoa Lokitaung mwaka 1959 ikamweka Lodwar mpaka 1961, na iliijua sababu yake. Barabara ya kutoka Kitale iliwekwa lami kwa msaada wa Norway, lakini Kenya na Norway zilivunja uhusiano wa kibalozi mwaka 1990, na kwa miaka mingi baadaye lami ile ikawa mashimo yenye vipande vya lami kandokando. Madereva wengi waliona heri kupita nje ya barabara, mchangani. Katika miaka ya karibuni njia ya kutoka Lokichar kupitia Lodwar na Kakuma hadi Lokichoggio imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na anayepita leo hawezi kuamini yaliyokuwapo. Lakini ukiacha lami tu, umerudi kule kule: mchanga, mawe, vijituta vilivyopangana kama ubao wa kufulia, na laga, ile mito ya msimu ambayo asubuhi ni mikavu na alasiri imebeba miti mizima.

Mwandishi wa mistari hii aliwahi kusafiri nyuma ya Land Rover ya turubai kutoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, kabla ya lami hii mpya. Mwenye gari alituambia kwa fahari kwamba springi zake "zimeongezwa nguvu". Nguvu yenyewe ilikuwa bamba moja la springi ya lori lililochomekwa katikati ya mabamba ya asili. Kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Kabla ya nusu ya safari gari likaanza kwenda upande kama kaa. Tukashuka, tukachungulia. Bolti ya katikati inayoyashika mabamba ilikuwa imekatika, na ekseli ya nyuma imerudi nyuma upande mmoja. Tulikaa chini ya mgunga saa nne, tukiwa na dumu moja la maji kwa watu tisa.

Aliyetuokoa ni fundi mzee, Mturkana, aliyeletwa na lori lililopita. Alitazama akacheka kidogo. "Bamba la lori halikuvunjika, mzee," akamwambia mwenye gari. "Halikukubali kupinda. Sasa kilicho dhaifu ndicho kimelipa." Akayatoa mabamba yote, akalitupa lile la lori, akapaka grisi, akatia bolti nyingine. Mwenye gari akamwomba alichomelee bamba moja la asili lililokuwa na ufa. Fundi alikataa katakata. Na haki yake, kwani chuma cha springi hupata uhai wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichomelea, pale penye moto panakuwa chuma cha kawaida, nacho kitakatika kando ya uchomeleaji, pengine siku gari limejaa watoto.

Springi haitakiwi kuwa ngumu kuliko zote. Inatakiwa ipinde, irudi, na irudi kwa adabu. Springi za asili za Land Rover ni mabamba mengi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na msuguano wa mabamba hayo ndio unaozuia gari kurukaruka. Mchanga na kutu vikiingia kati yake, yanashikana yakawa kama gogo. Siku hizi ziko springi za mabamba mawili au matatu tu, manene katikati na membamba kuelekea ncha, yasiyogusana ila katikati na mwishoni. Zinafaa sana kwa njia ya mawe. Lakini kwa kuwa msuguano ule umeondoka, kazi yote ya kutuliza gari inaziangukia shokamzoba. Anayenunua springi hizo akaacha shokamzoba za zamani zinazovuja amenunua bembea. Nazo shokamzoba zenyewe, kwenye ile njia ya ubao wa kufulia, huchemka. Mafuta yakiingia povu hazizuii chochote, hata ziwe za bei gani. Basi dereva mwenye akili husimama, akazigusa, akapunguza mwendo. Hapo ustadi unashinda fedha.

Halafu kuna tamaa ya kuliinua gari. Tumeona Land Rover zilizoinuliwa mpaka mwanamke mwenye buibui hawezi kupanda bila ngazi. Kuinua kidogo kwa ajili ya laga kunaeleweka. Ukizidisha, propela shafti inakaa mshazari na viungo vyake vinakwisha, mipira ya breki inavutika, na uzito wote unapanda juu. Gari refu hupinduka upesi. Na hili la turubai likipinduka, juu ya vichwa vya watu pana kitambaa tu. Kwa maoni yetu, anayeliinua gari la namna hii bila kutia mabomba ya chuma nyuma ya viti na mikanda ya kuwafunga abiria amefanya kosa, hata kama gari limependeza.

Breki nazo zisisahauliwe. Nyingi za Land Rover hizo zina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki kwa pamoja. Kutia mfumo wa sehemu mbili ni kazi ambayo fundi wa kawaida aijua, na mtu hapaswi kuulizana na nafsi yake mara mbili. Kisa cha ngamia na kamba yake tulisomeshwa chuoni tukiwa wadogo. Hatuoni kwa nini tukisahau tukishika usukani.

Wako watakaosema kwamba kubadili springi ni kuharibu asili ya gari. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kushindanishwa mwaka uliotangulia. Ilikuwa gari kuukuu, lakini lilitayarishwa kwa ajili ya njia zetu. Hakuna aliyesema halikuwa Volvo. Asili ya Land Rover ya turubai ni kufika pale ambapo magari mengine hayafiki, na kurudi. Iliyobaki na bolti zake zote za kiwandani lakini haiwezi kuvuka laga moja ndiyo iliyopoteza asili.

Linalotutia hofu ni jambo jingine. Springi zikishaimarishwa, mwenye gari huona amepata ruhusa ya kupakia mara mbili. Mahindi chini, mapipa juu ya mahindi, na watu juu ya mapipa. Fremu ni ile ile, ekseli ni ile ile, breki ni zile zile. Abiria wa Turkana hana gari la kuchagua, naye hupanda kwa imani. Huyo ni amana. Matairi yakichakaa huko hukatwa yakawa akala, na kila mtu anazivaa bila haya. Lakini tumeona pia matairi yaliyostahili kuwa akala tangu mwaka juzi yakiwa bado barabarani na watu kumi juu yake.

Mafundi wapo. Katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, Don Bosco wamekuwa wakiwafundisha vijana wakimbizi na wenyeji ufundi wa magari na uchomeleaji. Kijana wa Mombasa aliyeinunua Land Rover yake angefaidika kumtafuta fundi wa namna hiyo na kukaa naye siku mbili chini ya gari, kabla hajaenda kwa mpaka rangi. Na zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli zikazwe upya baada ya safari ya kwanza, kwani hulegea springi mpya zinapokaa mahali pake.