Saa ya Baba na Lugha ya Saa

Marehemu baba yetu alituachia saa ya mkono aina ya Seiko, aliyoinunua Nairobi mwaka 1974 kwa mshahara wake wa reli. Ni saa inayojitia ufunguo: haina betri, bali hupata nguvu kutokana na mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Usoni ina kidirisha cha siku na tarehe. Kioo chake kimechubuka na rangi ya uso imefifia, lakini akrabu zake zingali zinazunguka.

Baba alifanya kazi katika enzi ambayo reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Ratiba zilichapwa kwa Kiingereza, lakini wafanyakazi kutoka makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Baba alitazama akrabu fupi ikielekea 7, akatamka “saa moja” bila kusita. Hakutoa wala hakujumlisha.

Katika makala haya tunatoa maoni kwamba anayerithi saa hana budi kuirithi pamoja na lugha yake, kwa maana chombo kisichoelezwa barabara hakitunziki barabara. Hilo tulifunzwa na hasara.

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri kwenda masomoni, tukamwachia mdogo wetu saa hiyo aivae, kwa kuwa saa ya namna hii isipovaliwa kwa siku moja au mbili husimama. Tulimwandikia maagizo kwa Kiswahili, lugha tuliyoizoea nyumbani tangu enzi za baba. Onyo moja tulilichukua katika kijitabu cha Kiingereza. Lilisema kwamba tarehe isisogezwe kwa kitufe cha pembeni kuanzia 9 ya usiku hadi 3 ya alfajiri, kwa hesabu ya Kiingereza, kwa sababu katika muda huo meno ya magurudumu yanayobadili tarehe huwa yameshikana. Sisi, kwa haraka, tuliandika: “Usisogeze tarehe kati ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi.”

Mdogo wetu alitii neno kwa neno. Baada ya mwezi wa siku 30 kwisha, saa ikawa inaonyesha tarehe 31 badala ya tarehe mosi. Aliketi mnamo saa nne usiku ili airekebishe. Kwa mujibu wa maandishi yetu, wakati huo ulikuwa salama. Kwa mujibu wa saa yenyewe, alikuwa ndani ya muda wa hatari. Jino moja la gurudumu likavunjika. Fundi saa mmoja wa hapa Kampala alihangaika majuma mengi kabla ya kupata kipuri katika saa nyingine mbovu ya aina hiyohiyo. Hakuna wa kulaumiwa ila sisi. Tulitafsiri tarakimu, hatukutafsiri wakati.

Kosa hilo lina mizizi katika ufundishaji wetu. Mara nyingi mwanafunzi huambiwa: “Chukua saa ya Kiingereza, kisha utoe sita au uongeze sita.” Kanuni hiyo huleta jibu sahihi, lakini humfanya mwanafunzi aamini kwamba saa ya Kiswahili ni kivuli cha saa nyingine. Akiwa na haraka husahau kutoa, kama tulivyosahau sisi. Mtoto wa Kampala hana haja ya kuanzia huko. Kiganda kina neno essaawa, lenye asili moja na saa ya Kiswahili, yaani neno la Kiarabu, na mtoto anayesema essaawa emu asubuhi anakusudia saa moja ileile ya Mswahili. Tena anaishi karibu kabisa na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, hata ikawa rahisi kuhesabu saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku. Aanze na anachokijua.

Yawezekana mwalimu mtarajiwa akapinga kwamba simu, mitihani na ratiba za mabasi hufuata hesabu ya Kiingereza. Hoja hiyo ni ya kweli. Ubadilishaji wa saa ufundishwe, lakini ufundishwe baada ya mwanafunzi kuwa na saa yake mwenyewe. Na kila anapoandika wakati, azoee kutaja kipindi cha siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hata hivyo, kipindi peke yake hakitoshi, maana sisi tulikitaja na bado tukapotea.

Jambo la pili linahusu upatanisho wa kisarufi. Nomino saa, katika ngeli ya I-ZI, hubeba maana tatu: chombo, muda wa dakika 60, na wakati maalumu wa siku. Tazama sentensi hizi:

(a) Saa mbili zimepotea.
(b) Saa mbili zimepita tangu aondoke.
(c) Saa mbili imefika.

Katika (a) tunahesabu vyombo, na katika (b) tunahesabu muda. Kwa hiyo kitenzi huchukua kiambishi cha wingi zi-. Katika (c) hatuhesabu chochote. Neno mbili limekuwa jina la wakati mmoja, ndiyo maana kiambishi ni cha umoja, i-. Wapo wanaosema “masaa mawili” ili kutofautisha muda na wakati. Tunaelewa haja yao, lakini sarufi sanifu imekwisha kuikidhi kwa upatanisho. Mwalimu asiishie kukataza masaa. Aonyeshe kazi inayofanywa na i- na zi-.

Jambo la tatu tulijifunza kwa fundi. Tulipompelekea saa na kusema tu kwamba “imeharibika,” alituuliza: “Inasimama, inachelewa, au inakimbia?” Kwake kila kitenzi ni dalili. Saa inayosimama huenda ina uchafu, au kamani yake imekatika. Inayochelewa mara nyingi mafuta yake yamekauka. Inayokimbia ghafla yaweza kuwa imeshikwa na sumaku, pengine kwa kulazwa karibu na spika ya redio. Kitenzi kuharibika hakimsaidii fundi, kwa kuwa kinataja hali bila kutaja mwenendo.

Wako wanaoona kwamba urithi kama huu ufungiwe kabatini usije ukapotea. Hatukubaliani nao. Mafuta ya saa hukauka hata ikiwa imelala, na anayeifungia huja kuligundua tatizo akiwa amechelewa. Saa ya kurithi ivaliwe, ila kwa adabu. Iepushwe na maji, kwa kuwa raba zake za kuyazuia zimezeeka. Ifunguliwe na fundi kila baada ya miaka minne au mitano, isafishwe na kutiwa mafuta, hata kama haijalalamika. Fundi akijitolea kuipaka uso rangi mpya au kuisugua mikwaruzo yote, ashukuriwe na kukataliwa. Mikwaruzo ile ni ya mkono wa baba, na ikishasuguliwa hairudi.

Kiswahili nacho kimo katika hali hiyo hapa Uganda. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Idhini hiyo haitoshi ikiwa darasani tutakifikia kila siku kwa kupitia lugha nyingine.

Saa ya baba imerudi mkononi mwetu. Karatasi ya maagizo tumeiandika upya: “Usisogeze tarehe kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku.” Ile ya zamani hatukuichana. Huwa tunaileta darasani na kuwauliza walimu watarajiwa kosa liko wapi. Wengi huisoma mara mbili wasilione, mpaka mmoja wao akumbuke kuuliza: “Ni tisa ya nani?”