Mstari wa 1886 na Sisi wa Sirari

Tukitajiwa ukoloni huwa tunafikiria Berlin na Bagamoyo. Lakini wengi wetu tunauvuka ukoloni kila wiki, tunapotumwa dukani Isebania.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari. Uanzie mdomo wa mto Umba kule pwani, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha uende hadi Ziwa Victoria, pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapogusa ufuko wa mashariki. Itazameni ramani ya darasani: ukiacha pale mlimani, ni kazi ya rula. Wakurya hawakuulizwa, na tangu hapo wamekuwa nusu huku, nusu kule.

Lawama hiyo ni ya haki, wala hatuifuti. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza alitawala pande zote mbili. Mstari aliuacha (hakuwa na haja ya kutuunganisha), ila sarafu ikawa moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Aliyeuza ng'ombe Tarime aliweza kununua jembe Migori kwa fedha ile ile. Shilingi hiyo tuliiacha mwaka 1966, Tanganyika ikiwa na miaka mitano ya uhuru, kila nchi ikatoa yake.

Mwaka 1964 huko Cairo viongozi wa Afrika huru waliamua mipaka ya mkoloni ibaki ilivyo, wakihofia vita. Kwa hilo hatuwalaumu. Lakini Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, usifunguliwe hadi 1983. Je, huyo naye alikuwa gavana wa Kizungu? Aliyempelekea shangazi yake debe la mahindi aliitwa mfanya magendo.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999, na soko la pamoja likaanza 2010. Hata hivyo shilingi bado ni mbili, na bei za huku na kule hazilingani. Tofauti hiyo ndiyo inayowaita wenzetu kwenye njia za panya. Siku ya mtihani wetu nafasi mbili mkekani zilikuwa wazi. Wenyewe tuliwaona jioni, wakisukuma baiskeli zenye magunia.