Zebaki katika Damu ya Kasa



Mwezi huu nawaomba tumtazame mnyama ambaye hapaswi kufika jikoni kwetu, kwa kuwa sheria inamlinda: kasa wa baharini. Damu yake ina habari inayomhusu mama mjamzito.

Kasa huishi miaka mingi. Yule aitwaye duvi, mwenye kichwa kikubwa, hula kaa na kombe, na chakula hicho humwachia zebaki kidogo kidogo mwilini. Inatoka wapi? Moshi wa makaa ya mawe na machimbo ya dhahabu huipeleka hewani, mvua huishusha, na vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo ni sumu kali. Samaki mdogo huipata, mkubwa humla mdogo, nayo huzidi kila hatua.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupima damu ya duvi wa pwani ya kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Wenye zebaki nyingi walielekea kuwa na limfosaiti chache. Hizo ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Chembe hizo zilipotiwa methili-zebaki maabarani, zilishindwa kuongezeka inavyopaswa, hata kwa kiasi ambacho kasa wachache walikuwa nacho tayari baharini. Na kasa mwenye zebaki humtambui kwa macho.

Kwetu binadamu, sehemu kubwa ya methili-zebaki iliyomo katika damu hukaa ndani ya chembe nyekundu. Hupita kwenye kondo la nyuma, na kiwango chake katika damu ya mtoto huweza kuzidi cha mama. Huko Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Baadhi ya akina mama waliokula samaki wa pale walikuwa na dalili ndogo tu, au hawakuwa nazo kabisa, lakini walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Kila nikisoma habari hiyo naweka kitabu chini kwanza.

Lakini msimkimbie samaki! Mjamzito anamhitaji. Chagua wadogo: dagaa, vibua, na wengine wasioishi kwa kula samaki wenzao. Papa mwache mpaka umalize kunyonyesha, hata akiwa ng'onda, na jodari wakubwa usiwazoee. Kuchemsha, kukaanga au kutia ndimu hakuondoi zebaki, maana imeshikana na nyama yenyewe.

Kwa ninyi mnaoishi karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kama Geita au Chunya, hatari ni nyingine: mvuke. Zebaki iliyoshika dhahabu ikichomwa juu ya jiko la nyumbani, mvuke wake huvutwa na kila aliyemo ndani, na mtoto huumia zaidi. Mwambie baba watoto, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba kazi hiyo isifanyike nyumbani, wala chombo chake kisirudi kupikiwa ugali.

Tena, baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki. Kama uliwahi kuzipaka na sasa una mimba, acha mara moja na umweleze mkunga kliniki, ukimpelekea na kopo lake.