MAJINA YAO YAKO WAPI?



Shuleni tulifundishwa vita ya Wamarekani ya kumwondoa mfalme wa Uingereza, 1775 hadi 1783. Jina la George Washington tulilikariri. Hatukuambiwa kwamba watu weusi wapatao 5,000 walishika bunduki upande wake. Uhuru ukaja, lakini utumwa ukadumu mpaka 1865. Damu ya mweusi ilifaa. Jina lake halikufaa.

Utasema hayo ni ya ng'ambo. Na hapa kwetu je?

Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza waligeuza nchi yetu uwanja wa vita yao. Mizigo walibeba nani? Babu zetu! Wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa kikosi chao. Mwaka 1927 ikasimamishwa pale mjini sanamu ya Askari. Sanamu nzuri, lakini haina jina hata moja la Mwafrika aliyekufa. Mzungu alichongewa jina lake kwenye jiwe.

Vita ya pili ikaja. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini. Askari wa KAR walipigana Uhabeshi, Madagaska, na Burma walikomkabili Mjapani mwaka 1944. Waliambiwa wanapigania uhuru wa dunia. Vita ilipokwisha, kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi: mweusi aliweza kupata theluthi tu ya alichopewa mweupe wa cheo kile kile.

Wako wasemao, "Hao walimtumikia mkoloni, waacheni wasahauliwe." Hapana! Wapagazi wengi hawakuulizwa hiari yao, walikamatwa. Na waliotoka Burma hawakurudi vipofu. Abdulwahid Sykes na nduguye Ally walivaa magwanda ya KAR, na tarehe 7 Julai 1954 walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja imepita! Na radhi si jina.

Ndugu zangu wa Runzewe, hapa kwetu mtu akiuza dhahabu, kila gramu hupimwa ikaandikwa. Je, babu yako ana thamani ndogo kuliko gramu moja? Tusingoje London. Kila tawi linunue daftari. Waendeeni wazee, muwaulize: nani alichukuliwa, mwana wa nani, wa kijiji gani, alirudi au hakurudi? Mwalimu aandike, vijana wasome mkutanoni.

Fanyeni mwaka huu. Mzee anayeyajua majina hayo akizikwa leo, kesho hakuna wa kuulizwa.