Anza na Pembe ya Shamba



Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Ilikusudia zaidi ya ekari milioni 3, pasipo kutangulia kujaribu shamba dogo. Januari 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea.

Mkulima mwenye busara wa bonde la Mbwemkuru huipanda mbegu ngeni ya ufuta pembeni kwanza, akaitazama msimu mmoja.

Nasi tufanye vivyo hivyo na maazimio yetu. Unayetaka kuacha pombe, jaribu juma moja. Unayetaka kuweka akiba, anza na mauzo ya siku moja. Jaribio dogo likishindwa hutufundisha; azimio kubwa likianguka hutukatisha tamaa.