*GESI NI YETU, FOLENI TUIKATAE*



Wiki hii vijana wetu wa bajaji wameuliza swali moja kwenye kundi: tukope tufunge mfumo wa gesi, au tusubiri? Kamati ya Tawi imelijadili, na huu ndio msimamo wetu.

Gesi asilia tunaiunga mkono. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaileta kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Petroli huja kwa meli na hulipiwa kwa dola. Kila mwezi tunashika roho tukisubiri bei ya EWURA. Kilo moja ya gesi hulipeleka gari mbali kuliko lita moja ya petroli, tena kwa bei nafuu. Hapo hatuna ubishi.

Ubishi uko kituoni. Dereva anayekaa masaa matatu kwenye foleni amekosa abiria wa asubuhi, na hesabu ya bosi haisubiri. Unafuu wote umeliwa na muda. Magari yanafungwa mifumo kwa kasi kuliko vituo vinavyojengwa.

Kwa hiyo tunasema: fedha za uwekezaji zianzie kwenye vituo, na vituo visiishie Dar es Salaam. Mwananchi wa Lindi na Mtwara naye ajaze gari lake kwa gesi inayotoka kwao. Mwaka 2013 Mtwara ilituonyesha kinachotokea watu wakiona mali inapita tu mlangoni kwao.

*Kwa mwanachama anayetaka kukopa:*
1. Kwanza nenda kituoni saa unayofanya kazi. Pima foleni kwa macho yako, kisha piga hesabu ya marejesho.
2. Funga mfumo kwenye karakana iliyoidhinishwa tu. Mtungi wa gari hubeba presha ya takriban baa 200. Mtungi wa jikoni usiuweke kwenye chombo cha abiria hata siku moja.

Jumapili kwenye mkutano wa tawi, wenye vyombo vya gesi njooni na hesabu ya wiki: pesa mliyookoa na masaa mliyopoteza. Tutaipeleka kwa diwani na mbunge. Malalamiko matupu hupuuzwa; hesabu hujibiwa.

*Kamati ya Tawi*