WAKICHUKUA DAMU YAKO, WARUDISHE MAJIBU

Kijana mwenzangu, akija mtu na fomu na sindano, si unatia sahihi kabla hata ya kusoma? Wengi wetu ndivyo tulivyo. Tuache hiyo tabia.

Kumbuka Kitui na Makueni, 2004. Ukame umebana, watu wanakula mahindi yaliyowekwa ndani na unyevu wake mpaka yakashika kuvu. Sumu ya aflatoksini ikawapata watu 317, wengi wao wa wilaya hizo mbili. 125 wakafa. Watafiti wakachagua wagonjwa 40 na wengine 80 wasiougua, wakapima damu yao na mahindi yao. Ikajulikana kwamba mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa vibaya ndiyo yaliyoua. Utafiti ule ulikuwa na faida, hatubishi.

Lakini fikiria wale 80. Wazima, na bado walitoa damu kwa ajili ya wengine. Tena damu ilipimwa mpaka homa ya ini aina ya B. Ingekuwa ni wewe unayo, si ungetaka uambiwe mwanzo, kabla wageni hawajasoma hesabu zako kwenye jarida?

Wako wanaosema eti watu wakifa, mambo ya kamati ya maadili yangoje. Hapana! Mwenye njaa aliyezika mtoto jana atakubali lolote. Huyo ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kukagua utafiti kabla haujafika mlangoni kwake. Dharura iharakishe ukaguzi, isiufute.

Na sheria iko upande wako. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliukubali 1972, unakataza katika ibara ya 7 mtu kufanyiwa majaribio ya kitabibu bila hiari yake. Sheria ya 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako.

Kwa hivyo uliza: Leseni iko wapi? Kamati gani imepitisha? Majibu yangu mtaniletea lini, na kwa Kikamba au Kiswahili? Nikikataa, nitanyimwa dawa au chakula?

Akibabaika, kunja mkono wako. Halafu nenda ukamfundishe nyanya maswali hayo hayo. Dole gumba lake kwenye wino lina uzito sawa na sahihi ya profesa.

Damu ni amana. Aliyeichukua ana deni.